Ibn al-Haytham: Aliyelihoji Jicho Lake Mwenyewe

Usiku wa mwezi kumi na nne, baina ya Magharibi na Isha, nenda ufuoni Shela, au keti pale Mama Ngina Mombasa, uelekeze uso mashariki. Utauona mwezi ukichomoza baharini mkubwa kama sinia ya shaba, mwekundu, kama kwamba ukipata ngalawa utaufikia. Vijana wetu wa siku hizi huutegea kamera juu ya miguu mitatu, wakaupiga picha, kisha wakarudi majumbani na furaha. Lakini wakiitazama picha ile huduwaa. Lile sinia halimo. Kilichomo ni kitone cheupe mfano wa kidonge, juu ya bahari nyeusi. Basi huilaumu kamera, ama wakamlaumu aliyewauzia.

Ndugu msomaji, kamera haina kosa. Lililotudanganya ni jicho, au tuseme ni hukumu tunayoipitisha juu ya kile jicho ilichokiona. Na mtu aliyelieleza jambo hili kwa ushahidi alifariki yapata miaka elfu moja iliyopita, kabla kamera haijawazwa na mwanadamu. Alikuwa Mwislamu, mtu wa Basra, na maisha yake yana mazingatio makubwa, kwani alijifunza kwa gharama kubwa kwamba kukiri kosa ni kazi ngumu kuliko kupata elimu.

Kijana wa Basra

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, na Wazungu humwita Alhazen. Alizaliwa Basra, nchi ya Iraki, kiasi cha mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladi. Mji huo si mgeni masikioni mwa watu wa mwambao. Ndio mji wa Hasan al-Basri na Rabia al-Adawiyya, na ndio mji ambao tende zake zilikuwa zikitufikia Lamu na Mombasa kwa majahazi ya kaskazi.

Zama zile elimu za Wayunani zilikwisha kufasiriwa kwa Kiarabu. Ibn al-Haytham alivisoma vitabu vya Euclid katika hesabu za maumbo, vya Aristotle katika hikima, na vya Ptolemy, ambaye Waarabu humwita Batlamyus, katika elimu ya falaki. Alisoma kwa bidii mpaka sifa zake zikavuka mipaka ya Iraki. Zaidi ya vitabu na risala 90 zimetajwa kuwa ni zake, katika hesabu, falaki, nuru, na hata namna ya kuujua upande wa kibla kwa hesabu.

Walakini sifa ni mzigo. Mwenye kusifiwa sana huja akasema neno ambalo hakulipima.

Neno lililomponza

Habari hii aliisimulia Ibn al-Qifti, mwandishi wa maisha ya maulamaa, aliyefariki mwaka 1248 Miladi. Yasemekana Ibn al-Haytham alitamka kwamba lau angekuwa Misri, angeufanyia mto wa Nili jambo la kuwafaa watu, ujaapo na upunguapo. Kila mtu alijua maana yake. Maisha ya Misri nzima yalitegemea mto ule: ukijaa kupita kiasi, maji huchukua mashamba, ukipungua, njaa huingia.

Neno likasafiri mpaka Kairo, likamfikia al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi, aliyetawala tangu mwaka 386 Hijria, yaani 996 Miladi. Mtawala huyu alipenda elimu. Ndiye aliyefungua nyumba ya elimu mjini Kairo mwaka 1005, na mwanafalaki mkubwa Ibn Yunus alifanya kazi chini ya himaya yake. Lakini alikuwa mtu asiyetabirika. Leo hukupa cheo, kesho hukukata kichwa, na mawaziri wake kadhaa walikwisha kwa njia hiyo.

Al-Hakim alimwita Ibn al-Haytham, akatoka mwenyewe nje ya mji kumlaki, akamkirimu. Kisha akampa mafundi na watumishi, akamtaka aende akaifanye kazi aliyoinena.

Akapanda na mto kuelekea kusini. Kila alipopita aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, makubwa, yaliyopimwa kwa hesabu isiyopotea hata kidogo, yenye michoro ya ajabu. Hapo moyo ukaanza kumwambia. Watu waliojenga mambo kama haya, wenye elimu na nguvu kama hizi, lau kuuzuia mto huu ni jambo linalowezekana kwa zana za wanadamu, wangekwisha kulifanya. Alipofika al-Janadil, penye maporomoko karibu na Aswan, akaupima mto, akayatazama majabali, akajua kwa yakini kwamba kazi ile haiwezekani.

Hebu tufikiri hali ya mtu yule. Mbele yake kuna mto usiozuilika. Nyuma yake kuna mtawala asiyesamehe. Angaliweza kujenga ukuta wowote, akala mali ya serikali miaka kumi, akangojea kifo kimwokoe. Wangapi hufanya hivyo! Yeye alirudi Kairo, akasimama mbele ya Khalifa, akakiri kwamba alikosea.

Msomaji ajuaye mambo ya Misri atakumbuka kwamba mto ule ulikuja kuzuiliwa papo hapo karibu na Aswan. Bwawa Kuu lilikamilika mwaka 1970, kimo chake mita 111, kwa mashine na mali ambazo mtu wa karne ya 11 asingeziota. Kwa hiyo fikira yake haikuwa ya upuuzi. Ilitangulia wakati wake kwa zaidi ya miaka 900. Naye alikuwa na akili ya kutambua kwamba wakati wake haujafika.

Kichaa cha kujitakia

Al-Hakim aliupokea udhuru wake, akampa kazi katika ofisi ya serikali. Ibn al-Haytham aliipokea kwa hofu, si kwa kuipenda. Alijua kwamba kila siku atakayokaa karibu na mtawala yule ni siku ya hatari. Kukataa hakuwezi, na kukimbia hakuwezi.

Akajitia wazimu. Kwa sharia mwendawazimu hashikwi kwa matendo yake, na hata al-Hakim hakumgusa. Mali yake iliwekwa chini ya ulinzi wa serikali, akawekewa watu wa kumtazama na kumtumikia, akafungiwa ndani ya nyumba yake. Na hapo akabaki miaka mingi, mtu mwenye akili kuliko wengi katika mji ule, akionwa na jirani zake kuwa ni kichaa.

Mwaka 411 Hijria, sawa na 1021 Miladi, al-Hakim alitoka usiku kwenda katika vilima vya Muqattam, kama ilivyokuwa desturi yake, asirudi tena. Ilipohakikishwa kwamba amekufa, kichaa cha Ibn al-Haytham kikapona siku zile zile! Akatoka nyumbani mwake, akarudishiwa mali yake, akahamia mahali penye kuba karibu na mlango wa Msikiti wa al-Azhar.

Nuru na jicho

Katika maisha yake ya Misri ndimo alimoiandika kazi yake kubwa, Kitabu al-Manadhir, juzuu saba juu ya nuru na kuona.

Wakubwa wa Kiyunani, Euclid na Ptolemy, walishika kwamba jicho hutoa miale, ikaenda ikakigusa kitu, ndipo mtu akaona. Maneno haya yalikwisha kukaa zaidi ya miaka 1,000. Ibn al-Haytham aliuliza maswali mepesi. Mtu akilikazia macho jua, mbona macho yanamuuma? Akiitazama nuru kali kisha akaingia gizani, mbona sura yake hubaki ndani ya jicho? Kitokacho hakiumizi, kinachoumiza ni kinachoingia. Basi nuru ndiyo inayokuja jichoni kutoka kwenye kitu, wala si jicho linaloiendea.

Hakutosheka na maneno, akafanya majaribio. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Ukutani, mkabala wa tundu, zikaonekana nuru kwa idadi ya taa, kila moja mahali pake. Akiizuia taa moja, nuru yake peke yake hutoweka. Akiifunua, hurudi pale pale. Akapata dalili kwamba nuru huenda kwa mstari ulionyooka, na kwamba nuru nyingi hupita katika tundu moja bila ya kuchanganyikana.

Kisha akalielekeza tundu mbinguni. Ameacha risala nzima juu ya sura ya jua linapopatwa. Jua likipatwa bila ya kufunikwa lote, nuru yake ikipita katika tundu dogo la mviringo, huchora ukutani umbo la hilali. Tundu likipanuliwa, umbo hilo hupotea. Wachina na Wayunani waliliona ajabu hili kabla yake, lakini yeye alilichambua kwa hesabu, akataka kujua ukubwa wa tundu, masafa ya ukuta, na sababu. Tena akauliza jambo ambalo mpiga picha wa usiku atalifahamu mara moja: mbona mwezi mwandamo, ambao nao una umbo la hilali, hauchori umbo hilo ukutani kwa tundu lile lile? Mpaka leo wanaopiga picha za mwezi na sayari hushindana na mambo haya haya, udogo wa tundu na uchache wa nuru.

Punje ya kunde

Tuurudie mwezi wetu pale ufuoni. Ptolemy alijaribu kueleza mbona unapochomoza huonekana mkubwa kuliko unapokuwa utosini. Ibn al-Haytham alieleza kwamba pembe ambayo mwezi huishika jichoni haibadiliki kiasi cha kuufanya uwe mkubwa hivyo. Linalobadilika ni hukumu ya moyo. Mwezi ukiwa chini, kati yetu nao mna bahari ndefu au mashamba na miti, na moyo huukadiria kuwa uko mbali sana. Kitu kilicho mbali, kikishika pembe ile ile, hudhaniwa kikubwa. Ukiwa juu hakuna kitu cha kuulinganisha nao, basi hudhaniwa karibu na mdogo. Wataalamu wa leo wangali wakijadiliana juu ya sehemu za maelezo hayo, lakini asili yake, kwamba ukubwa ule umo katika hukumu yetu na si mbinguni, haibishaniwi.

Asiyeamini na ajaribu, maana mwenyewe Ibn al-Haytham asingetaka aaminiwe bure. Chukua punje ya kunde, ishike kwa vidole viwili, nyoosha mkono, ufunge jicho moja. Punje ile itaufunika mwezi wote unapochomoza. Ngojea saa tatu au nne, mwezi ukishapanda juu, ufanye vivyo hivyo. Punje ni ile ile, na mwezi ni ule ule. Kwa hakika unapochomoza huwa mbali nasi kidogo zaidi kuliko ukiwa utosini, kwa hiyo ni mdogo kwa chembe tu. Kamera ilisema kweli.

Alisema pia kwamba kuona kuna masharti, akayahesabu: masafa ya kadiri, kitu kiwe mkabala, kiwe na nuru, kiwe na ukubwa wa kutosha, kisiwe cha kupenya nuru moja kwa moja, hewa iwe safi, pawepo muda wa kutazama, na jicho liwe zima. Sharti moja likikosekana, jicho hukosea. Sisi tunaosimama kila mwezi kuutafuta mwezi mwandamo, na kupokea ushahidi wa wauonao, tuna la kujifunza katika orodha hiyo. Shahidi aweza kuwa mkweli wa ulimi, na jicho lake likawa limemhadaa.

Hata yeye alikosea

Kitabu chake kingine ni cha kumtilia shaka Ptolemy. Humo alionya kwamba atafutaye haki asivikubali vitabu vya wakubwa kwa sababu tu wao ni wakubwa. Avishambulie pande zote kwa hoja, na katika kushambulia huko aitilie shaka nafsi yake pia, asije akaonea wala akapendelea.

Onyo hilo lilimhusu na yeye. Aliandika risala juu ya nuru ya nyota, akahukumu kwamba nyota zote, pamoja na sayari kama Zuhura na Mushtari, zina nuru zao wenyewe. Hoja yake ilikuwa kwamba lau zingepata nuru kutoka kwa jua, tungeziona zikipungua na kuwa hilali kama mwezi, na hakuna aliyepata kuona hivyo. Hoja ilikuwa ya haki, ila jicho lilikuwa fupi. Mwaka 1610 Galileo aliielekeza darubini kwa Zuhura, akaiona ikipungua na kujaa kama mwezi. Siku hizi, nyakati ambazo Zuhura hutangulia jua na kung'ara juu ya bahari yetu kabla ya Alfajiri, kijana mwenye kamera ya lenzi ndefu aweza kukinasa kihilali hicho akiwa amesimama mchangani.

Je, kosa hili linampunguzia heshima? Hata. Kipimo kilichomkosoa ni kile kile alichokitoa yeye, kwamba Zuhura ikionekana hilali, basi nuru yake ni ya jua. Yeye alikosa chombo tu. Na mtu aliyerudi kutoka Aswan akakiri kosa mbele ya upanga, asingeona haya kukiri kosa mbele ya darubini.

Kuba la al-Azhar

Miaka yake ya mwisho aliishi maisha ya chini. Kila mwaka alinakili kwa mkono wake vitabu vya Euclid na Ptolemy na vinginevyo, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, na hizo ndizo zilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Hakutaka tena cheo wala karibu ya wakubwa. Alifariki Kairo kiasi cha mwaka 432 Hijria, yaani 1040 Miladi.

Elimu yake haikufa naye. Kamal al-Din al-Farisi wa Uajemi alikisherehesha Kitabu al-Manadhir, na kabla ya hapo, yapata mwaka 1200, kilikwisha kufasiriwa kwa Kilatini. Roger Bacon wa Uingereza alikisoma. Kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Na Kepler aliendelea kutokea hapo alipoeleza, mwaka 1604, jinsi sura inavyochorwa nyuma ya jicho. Chumba cha giza kilitiwa lenzi tunduni katika karne ya 16, kikapunguzwa kikawa sanduku, na mwaka 1839 Daguerre wa Ufaransa akautangaza ujuzi wa kuikamata sura isifutike. Mwaka uliofuata John William Draper akaupiga mwezi picha kule New York. Neno kamera lenyewe, kwa Kilatini, maana yake ni chumba.

Dunia imemkumbuka kwa namna zake. Iraki iliiweka sura yake katika noti ya dinari 10,000 iliyotolewa mwaka 2003, na mwaka 2015, uliofanywa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa nuru, kitabu chake kilisherehekewa kwa kutimiza miaka 1,000.

Kumbukumbu ninayoipenda mimi ni nyingine. Pembezoni mwa mwezi, karibu na lile baka dogo la mviringo linalokaa upande wa juu mwezi unapochomoza baharini kwetu, kuna shimo lenye upana wa kilomita 33 hivi lililopewa jina lake. Mahali hapo ni katika sehemu za mwanzo kupata nuru kila mwezi uandamapo. Basi tunaposimama jioni ya pili au ya tatu tukiitazama hilali, hapo alipoandikwa Ibn al-Haytham pamekwisha kuangazwa. Jicho tupu halitapaona, kwani sharti la ukubwa halikutimia. Lakini kamera ya yule kijana itapanasa.

Mola amrehemu, na atujaalie tuwe wenye kukiri tunapokosea. Amin.